Mwezi Ngapi Leo? Namna ya Kujua Saa ya Kushuka Mwanini

Mke wa mwanangu katokea Dodoma. Alipokuja kuolewa hapa Mlingotini, kila jioni akiniuliza, "Mama, kesho tunashuka saa ngapi?" Nami namjibu, "Mwezi ngapi leo?" Akidhani namtania. Siku hizi anahesabu mwenyewe, na akikuta nimechelewa kutoka ananigongea mlango. Nayaandika haya kwa walio kama alivyokuwa yeye: anayetaka kulima mwani, anayetafuta chaza na pweza mwambani, hata mgeni anayetaka kutembea pwani ya Bagamoyo asije akazungukwa na maji.

Ukiuliza mwezi ngapi, hukusudii Januari wala Februari. Wauliza mwezi wa kuandama, ule wa Ramadhani na Mfungo Mosi. Kalenda ya ukutani haina habari na bahari. Mwezi ukiandama leo magharibi, kesho ni mwezi mosi, na hesabu yako yote inaanzia hapo.

Siku ya mwezi mosi, maji ya mchana hupwa kabisa mnamo saa 5 kasoro dakika 20 asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Mwezi 5, kwa mfano, umeongeza mara nne, yaani saa 3 na dakika 20, kwa hiyo ukavu unaangukia saa 8 mchana. Ukifika mwezi 15 au 16 unaanza upya, kwa maana maji yamerudi palepale pa mwezi mosi. Hesabu hii inaweza kupotoka nusu saa hivi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, kuchelewa hakufiki dakika 50, na siku za maji mafu, yaani maji madogo, kunazidi hapo. Mimi huwahi, namalizia chai palepale ufukoni.

Hizo dakika 50 zinatokana na dunia na mwezi kutosimama. Dunia inajizungusha, na siku ya pili yake pwani yetu inarudi mahali ilipokuwa jana. Lakini mwezi nao umekwenda mbele katika njia yake ya kuizunguka dunia, kwa hiyo inabidi dunia ijizungushe dakika 50 zaidi ndipo iukute. Bahari inafuata mwezi, haifuati saa ya ukutani. Ndani ya saa 24 na dakika 50 maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili. Watu huuliza kwa nini mara mbili ilhali mwezi ni mmoja. Mwezi huvuta maji ya upande ulioelekea kwake kuliko unavyoivuta dunia yenyewe, na huivuta dunia kuliko maji ya upande wa nyuma. Kwa hiyo maji huinuka pande zote mbili, na sisi kwa kuzunguka tunapita katika vilima vyote viwili.

Ukisahau tarehe, tazama juu. Kwetu huku, mwezi ukichomoza hesabu saa 4, maji yamepwa. Ukitua, hesabu tena saa 4, yamepwa mara ya pili. Kanuni hii haijali ni mwezi ngapi. Ugumu wake ni pale mwezi unapochomoza mchana wa jua kali na watu hawauoni. Hapo rudi kwenye tarehe.

Sasa, kujua saa peke yake hakutoshi, kwani si kila ukavu ni ukavu wa kazi. Kuna bamvua na kuna maji mafu. Katika bamvua maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti yake hapa kwetu inazidi mita 3. Maji mafu hayajai vya kutisha wala hayapwi vya kufaa. Unashuka, unakuta vigingi vya mwani vimezama na maji ya kifua, unarudi na kamba zako mkononi. Bamvua huja mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu, na hukolea siku moja au mbili baada ya hapo. Kwa hiyo mwezi 1 mpaka 4, na 15 mpaka 18, usiwe na safari ya mjini. Mwezi 7 mpaka 10, na 21 mpaka 24, nenda harusini.

Njia nyepesi: toka nje wakati wa magharibi. Mwezi ukiwa kipande chembamba karibu na jua linakotua, bamvua. Ukiwa duara unachomoza upande wa bahari, bamvua. Ukiwa nusu, umesimama utosini, maji mafu.

Hapo ndipo jua linapoingia katika habari hii. Jua nalo huinua maji, ila liko mbali, kilomita milioni 150, na mwezi uko kilomita 384,400 kwa wastani. Nguvu ya jua juu ya maji haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, jua na mwezi viko kwenye mstari mmoja na dunia, vinavuta pamoja. Mwezi ukiwa nusu, kimoja kinavuta huku na kingine kule. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, watu wa Rujewa kule Mbeya wakaona pete ya moto, ilikuwa mwishoni mwa Mfungo Pili, na baada yake likaja bamvua kama kawaida. Jua halipatwi ila mwezi ukiwa umekwisha, na mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu.

Kwa mkulima wa mwani bamvua ndiyo kalenda. Mwani unataka kama wiki 6 kukomaa, na toka bamvua mpaka bamvua ni siku 14 na robo tatu hivi. Ukipanda bamvua hili, unavuna bamvua la tatu mbele. Kufunga kwenyewe ni hivi: chukua kitawi cha kuenea kiganjani, chenye ncha zinazong'aa, kisiwe na weupe popote. Kipitishie taitai, yaani kikamba chembamba cha kufungia, kwa fundo legevu. Ukikaza, shina linakatika palepale na wimbi linakwenda nalo. Baina ya kitawi na kitawi acha shibiri. Kamba ikishakaa kwenye vigingi, ikung'ute mchanga kabla hujaendelea na nyingine.

Mwezi wa kuogopa ni Machi. Wiki ya kwanza ya Machi jua hupita utosini hapa Bagamoyo. Simama uwanjani kama saa 6 na nusu mchana, kivuli chako kiko chini ya miguu. Hurudi tena kupita karibu na tarehe 9 Oktoba. Hiyo ni kwa sababu dunia imeinama nyuzi 23 na ushei, basi jua linakwenda kusini na kurudi kaskazini, na kusi na kaskazi zinabadilishana nalo. Sasa Machi hiyohiyo, na Septemba, ndipo bamvua linapokuwa kubwa kupita yote. Weka pamoja: maji yamepwa mno, saa 5 mchana, jua liko juu ya kichwa, kaskazi limelegea. Maji yaliyobaki kwenye mwani ni ya goti na yana moto. Cottonii, aina moja ya mwani, haistahimili, inageuka nyeupe na kuoza. Spinosum, aina nyingine, inajikaza zaidi. Maoni yangu, Machi usiweke cottonii karibu na ufuko hata ukisifiwa bei yake. Peleka kamba mbele, kwenye kina.

Kurudi kwa maji kunataka adabu. Chukulia bamvua la mita 3: saa ya kwanza maji yanapanda robo mita, huyahisi. Saa ya pili nusu mita. Saa ya tatu na ya nne, robo tatu mita kila moja, na hapo ndipo mtu aliyeinama akifunga taitai anapoinuka na kukuta gunia lake linaelea. Kisha nusu, kisha robo. Ubaya wenyewe hauko mbele yako, uko nyuma: mkondo baina ya fungu la mchanga na ufuko unajaa kwanza. Kwa hiyo ukishafika kazini, dondosha jani la mkoko majini. Likienda baharini, una muda. Likisimama, funga kamba ya mwisho. Likianza kuelekea mikokoni, beba gunia twende. Mashua zilizotia nanga zitakwambia hayohayo kwa kugeuza omo zake, yaani pande za mbele, ila zile za forodhani mjini zisikudanganye, hizo wakati wa ukavu zimelala mchangani.

Mguuni vaa raba kuukuu, na tembea kwa kuburuza unyayo, usiunyanyue. Samaki taa akiguswa ubavu hukimbia; akikanyagwa mgongo hupiga mwiba.

Vijana wana jedwali la maji kwenye simu, nalo ni zuri. La Dar es Salaam au la Unguja linatufaa sote, tofauti ni ya dakika chache. Angalia mambo mawili tu. Saa zake ni za kizungu, 10:40 ndiyo saa 4 na dakika 40 yetu. Na usiishie kwenye saa, soma na mita: ukavu ulioandikwa chini ya nusu mita ni wa kazi, ukizidi mita 1 kaa nyumbani ukate taitai za bamvua lijalo.