Somo: Kufunga begi la kwenda Ujerumani kulea watoto

Kila mwezi wadogo zangu wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaokwenda Ujerumani kwa mpango wa au pair, yaani kuishi na familia mwenyeji na kuwasaidia kulea watoto, huniuliza jambo lilelile: begi nilifungeje na niweke nini? Nami nimechoka kuandika jibu moja kwa kila mtu. Kwa hiyo naliweka hapa lote. Sizungumzii viza. Nachukulia kwamba hujatimiza miaka 27, cheti chako cha Kijerumani cha A1 (ngazi ya kwanza ya lugha) kipo na mkataba umesainiwa.

Hatua ya 1. Soma uzito ulioandikwa kwenye tiketi. Mara nyingi ni kilo 23 kwa begi kubwa. Ukikata tiketi ya Songwe hadi Dar es Salaam peke yake, nayo ina uzito wake.

Hatua ya 2. Pima begi kabla ya kuondoka nyumbani. Mizani ya wauza maharage sokoni inatosha.

Hatua ya 3. Nguo. Sisi tuliokulia kwenye baridi ya Makete na Njombe hudhani tunaijua baridi, tukajaza masweta mazito. Baridi yetu ya mwezi wa sita huingia hadi chumbani, lakini kule nyumba hupashwa joto na baridi hubaki nje. Unahitaji fulana nyepesi za kuvaa moja juu ya nyingine na koti moja lisilopitisha maji, kwa sababu watoto hupelekwa kucheza nje hata siku ya manyunyu. Mitumba ya Mwanjelwa ina makoti mazuri, ila vuta zipu juu na chini mara kadhaa kabla ya kulipa.

Hatua ya 4. Nyaraka. Hapa nilikosea mimi mwenyewe. Mkataba, barua ya mwaliko na cheti cha bima nilivifunga ndani ya kitenge visikunjike, nikaviweka chini kabisa ya begi kubwa, nikaamini nimevitunza. Kwenye uwanja wa kwanza wa kuingilia Ulaya afisa aliitazama viza, kisha akauliza nakwenda kuishi na nani na mkataba uko wapi. Begi lilikuwa mbele huko, simu imezima, na namba ya mama mwenyeji niliikumbuka nusu. Nilikaa kwenye kiti cha chuma zaidi ya saa mbili, na ndege ya kuunganisha ikaondoka bila mimi. Kwa hiyo nyaraka halisi zikae kwenye folda ndani ya mkoba usioutoa mwilini, hata kwenye basi la kwenda Dar es Salaam. Usikubali mkoba huo uwekwe kwenye buti. Anwani na namba ya simu ya wenyeji ziandike kwenye karatasi kwa kalamu. Nakala ndizo ziende begi kubwa, na picha zake uziache kwa mtu wa nyumbani.

Hatua ya 5. Zawadi. Nyama na vyakula vya maziwa haviruhusiwi kuingia. Parachichi la Rungwe linadai cheti cha afya ya mimea, ingawa ndizi hazidai. Chukua chai ya Rungwe, kahawa ya Mbozi, au kikapu cha milulu cha Iringa, ambacho ni chepesi na ndani yake unapanga soksi.

Hatua ya 6. Umeme wa kule ni volti 230 kama wetu. Nunua adapta ya plagi tu. Pawabenki ikae mkononi, kamwe isiwe kwenye begi kubwa.

MASWALI

Swali: Dada, begi ni kilo ngapi?
Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Wakala wangu anasema nyaraka ni salama zaidi kwenye begi lenye kufuli. Mbona unatutisha?
Jibu: Sijamtisha mtu, nimeeleza yaliyonikuta. Kufuli halilifikishi begi mbele ya afisa.

Swali: Shikamoo dada. Mimi natokea Kyela. Je, nibebe dawa za malaria, au kule zipo?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, umeuliza vizuri. Dawa yoyote unayotumia ibebe kwenye pakiti yake pamoja na karatasi ya daktari. Kuhusu malaria, kubwa zaidi ni kusema: homa ikikupata miezi ya mwanzo, nenda hospitali siku hiyohiyo na mtangulizie daktari kwamba umetoka eneo lenye malaria, kwa kuwa kule wanaweza kudhani ni mafua.

Swali: Ahsante. Na leseni ya udereva?
Jibu: Ichukue. Inatumika miezi 6 ya kwanza, ikiwa na tafsiri ya Kijerumani. Iweke kwenye folda ileile ya mkononi.