Jinsi ya kuchagua redio ya hali ya hewa kwa nyumba yako Marekani, na kuitega ikuamshe pale tu inapostahili

Mwongozo huu ni wa ndugu zetu wanaoishi Iowa, Kentucky, Tennessee, Ohio, Texas na majimbo mengine ya Marekani ambako tornado, yaani upepo mkali unaozunguka kama pia, hupita. Kazi yangu mojawapo ni kuwafungia watu majumbani redio hizi zinazopokea tahadhari za hali ya hewa na kulia hatari inapokuja, na ninavyoona, tatizo mara chache huwa bei. Mtu kanunua redio isiyo yenyewe, au kanunua yenyewe akaichomeka bila kuitega, ikampigia kelele usiku mpaka akaichomoa na kuitupa kabatini.

Kuna wanaoniuliza, si tuna simu? Ujumbe wa tahadhari kwenye simu ni mzuri, usiuzime. Ila simu hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme. Tarehe 10 Agosti 2020, dhoruba ya upepo iitwayo derecho ilipoipiga Iowa, mji wa Cedar Rapids ulikaa gizani siku nyingi na mtandao wa simu ukayumba vibaya. Ving'ora vya mtaani navyo vimewekwa kwa ajili ya mtu aliye nje. Ukiwa ndani, madirisha yamefungwa na feni inavuma, usivitegemee vikuamshe. Na tornado haichagui saa: ile ya Nashville ya Machi 2020 ilipita watu wamelala, usiku wa manane.

Hatua ya 1: Soma boksi kabla ya kutoa pesa

Idara ya hali ya hewa ya Marekani ina mtandao wake wa redio, NOAA Weather Radio, unaotangaza saa 24 kwenye chaneli saba kati ya 162.400 na 162.550 MHz. Redio ya kawaida ya FM huishia 108, kwa hiyo hata ukiihangaisha haifiki huko.

Kwenye boksi tafuta herufi S.A.M.E. Hilo ndilo neno la kwanza na la mwisho. Redio yenye S.A.M.E. inajua kaunti yako na hukaa kimya hadi kaunti hiyo itajwe. Ukikuta imeandikwa WB peke yake, maana yake utasikia utabiri ukiifungulia mwenyewe, lakini usiku haitakuamsha. Iliyoandikwa Alert bila S.A.M.E. itakuamsha, tena itakuamsha kwa kila kaunti inayohudumiwa na mnara wa matangazo unaousikiliza, na mnara mmoja huweza kuhudumia kaunti nyingi. Familia haichukui muda kuichoka. Nembo ya Public Alert, yaani redio imekidhi viwango vya kupokea tahadhari, ikiwepo, hiyo ni dalili njema.

Hakikisha pia inatumia umeme wa ukutani na ina nafasi ya betri za akiba. Redio nzuri ya mezani hupatikana kwa dola 30 hadi 50. Sioni sababu ya kulipa zaidi, isipokuwa nyumbani kuna mzee asiyesikia vizuri. Huyo mtafutie yenye tundu la kuchomekea taa ya kumulika au kifaa cha kutikisa kitanda.

Zile redio za kuzungusha mpini, zenye tochi na sola, watu wanazipenda sana. Zinafaa kukaa kwenye begi la dharura. Za kulinda usingizi wako sizipendekezi, kwa kuwa nyingi hazina S.A.M.E.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya kaunti yako

Hapa ndipo pa kutuliza kichwa. Kila kaunti ina namba ya tarakimu sita. Ya kwanza kwa kawaida ni 0, yaani kaunti nzima. Mbili zinazofuata ni za jimbo: Iowa ni 19, Kentucky ni 21, Ohio ni 39, Texas ni 48. Tatu za mwisho ni za kaunti yenyewe. Kwa hiyo aliye Louisville, kaunti ya Jefferson, ataweka 021111. Aliye Des Moines, kaunti ya Polk, ataweka 019153. Wa Cedar Rapids, kaunti ya Linn, 019113.

Orodha nzima ipo kwenye tovuti ya weather.gov. Kama hujui kaunti yako, usikisie kwa jina la mji, maana miji mingine imekaa kwenye kaunti mbili. Tafuta kwa anwani yako kamili. Baadhi ya redio hukuruhusu kuchagua jimbo na kaunti kwa majina, na hapo namba huhitaji kuiingiza.

Kisha angalia mpangilio wa kaunti. Mama mmoja aliniletea redio yake ndani ya mfuko wa plastiki, adapta imezungushiwa waya. "Mwanangu, hii kitu inalia kila mvua ikinyesha, watoto hawalali." Nilipofungua menyu, palikuwa pameandikwa Any, yaani kaunti yoyote ile. Nikaweka Single, nikaingiza kaunti yake moja, nikamrudishia. Redio ilikuwa nzima kabisa.

Ukitaka, ongeza kaunti iliyo upande wa magharibi yako, kwa sababu dhoruba nyingi za huko husafiri kutoka magharibi au kusini-magharibi kuelekea mashariki. Zaidi ya hapo ni kujitafutia kero.

Hatua ya 3: Chagua chaneli

Pitia chaneli zote saba ukisikiliza. Mtego ni huu: chaneli inayosikika vizuri kuliko zote huenda ni ya mnara usiotangaza tahadhari za kaunti yako. Sauti itakuwa safi, utabiri utausikia, na siku ya siku redio itanyamaza. Kwenye orodha ileile ya kaunti pameandikwa ni mnara upi unaokuhusu na masafa yake. Chagua huo, hata kama una mkwaruzo kidogo.

Hatua ya 4: Mahali na betri

Iweke chumbani mwa mtu mzima anayeamka upesi, karibu na dirisha, antena imevutwa yote, mbali na televisheni na chaja za simu. Basementi mawimbi hufifia. Weka betri mpya za alkali, kisha chomoa waya ukutani uone kama redio inaendelea kuwaka. Zibadilishe kila mara saa za Marekani zinaposogezwa mbele au nyuma, Machi na Novemba.

Hatua ya 5: Ngoja jaribio la wiki

Kila wiki hutumwa jaribio, mara nyingi Jumatano kati ya saa tano na saa sita mchana. Redio nyingi hazilii wakati huo. Huwasha taa au kuandika kwenye kioo kwamba jaribio limepokelewa. Lisipofika wiki ya kwanza, huenda limeahirishwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Lisipofika mara mbili mfululizo, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 6: Ifundishe nyumba nzima

Redio huongea Kiingereza, na usiku wa manane huwezi kumngoja mtoto aamke atafsiri. Kuna maneno mawili ya kushika. Likisemwa Watch, mazingira ya hatari yapo: vaa viatu, weka simu chaji, fuatilia. Likisemwa Warning, hatari imeshaonekana au inakuja sasa hivi: ondoka ulipo, usichungulie dirishani.

Wazee wetu wanaohesabu saa za Kiswahili waelezwe pia. Redio ikisema tahadhari inaisha two forty-five A.M., hiyo ni saa nane na dakika arobaini na tano usiku. Nimeona mtu akitoka nje mapema kwa kuchanganya hilo. Andika kwenye karatasi jina la kaunti yako na la mji wako, ubandike pembeni ya redio, maana ndiyo majina mtakayoyasikia.

Mahali pa kukimbilia mpapange leo. Ni ghorofa ya chini kabisa, chumba cha katikati kisicho na dirisha: bafu, stoo, korido. Anayeishi ghorofa ya juu azungumze mapema na jirani wa chini. Hodi ya saa nane usiku hupokelewa vizuri zaidi ikiwa mlishakubaliana. Anayeishi nyumba ya trela asibaki humo hata kidogo. Na kwa kuwa trela huhitaji muda wa kutoka, yeye aondoke kwenye Watch, asingoje Warning.

Ukihama kaunti, na wengi wetu huhama kufuata kazi, redio haijui kwamba umehama. Ingiza namba mpya na chaneli mpya siku ileile unayofungua maboksi.