Somo: Kulisafisha korongo kabla ya mvua ya kwanza

Hapa Dodoma mto haufanani na mto kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua zetu hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki korongo huwa njia ya mchanga mkavu ambayo watu huigeuza jalala, njia ya mifugo na hata choo, kwa kuwa hakuna maji yanayoonekana kuchafuka. Mvua ya kwanza huuzoa uchafu wote kwa siku moja na kuushusha mabwawani, na sehemu yake huzikwa mchangani, pale pale ambapo kina mama watachimba visima ifikapo kiangazi. Kwa sababu hiyo kazi kubwa ya kulinda maji yetu hufanyika wakati maji hayapo.

Hatua ya kwanza: kulitembea korongo. Mwezi Septemba, watu watano au sita waanzie juu na kushuka hadi mpaka wa mtaa, wakichora ramani kwa mkono na kutia alama kila chanzo cha uchafu: jalala, choo kilicho karibu na kingo, gereji inayomwaga oili chafu, mahali bodaboda zinapooshwa, bustani za mboga, na mahali ng'ombe wanaposhukia. Msiwaache wachunga mifugo nyuma, kwa maana wao hulijua korongo kuliko mjumbe yeyote wa kamati.

Hatua ya pili: mkutano wa mtaa. Ramani ibandikwe ukutani, mwenyekiti na mtendaji wawepo, na afisa afya aalikwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hata hivyo, kwa uzoefu wangu, mtu akisomewa sheria kabla ya kusikilizwa huondoka na hasira na kurudi na taka usiku. Aulizwe kwanza kwa nini anatupa pale. Mara nyingi jibu ni kwamba gari la taka haliingii kwenye uchochoro wake, na hilo lina ufumbuzi.

Hatua ya tatu: kuzoa taka, Oktoba au mapema Novemba. Hapa nina kosa la kukiri. Mwaka wetu wa kwanza tulikusanya taka kwa bidii, tukazirundika kwenye kingo tukisubiri gari Jumatatu. Usiku wa Jumamosi mvua ilinyesha mapema, na asubuhi rundo lote lilikuwa limekwenda. Usafiri uthibitishwe kabla ya koleo la kwanza kushikwa. Pia tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tunaokota zaidi chupa na vifungashio vidogo, ambavyo reki huviacha na mikono tu ndiyo huviokota, kwa hiyo glavu ni za lazima.

Hatua ya nne: mifugo na kingo. Birika la kunyweshea lijengwe kando, mbali na visima vya mchangani, na visima hivyo vizungushiwe miiba. Kingo zipandwe mabingobingo, na mikuyu iliyopo isikatwe.

Hatua ya tano: kupima. Sampuli ichukuliwe kwa chupa iliyotakaswa, bila kidole kugusa mdomo wake, iwekwe kwenye barafu na ifike maabara siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa 6. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na bakteria wa E. coli, wanaoonyesha kwamba kinyesi kimeingia majini, hata mmoja katika mililita 100. Pimeni mwanzo wa mvua na tena katikati ya kiangazi, mahali pale pale, la sivyo majibu hayatalinganishika.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Wazee wetu husema mchanga huchuja maji. Je, ni kweli?

Marahaba. Ni kweli kwa tope, na kwa kiasi fulani kwa vijidudu. Mchanga hauzuii naitreti, kemikali inayoyeyuka majini itokayo vyooni na kwenye samadi, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwenye sufuria, naitreti huongezeka kwa kila lita. Naitreti ni hatari hasa kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo. Chemsheni maji kwa ajili ya vijidudu, na choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani.

Mtaa wa juu yetu hautaki kushirikiana. Tufanyeje?

Shirikianeni kupitia jumuiya ya watumia maji, ambayo inatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 na inaweza kuunganisha mitaa yote ya korongo moja. Makorongo yanayoelekea mto Kinyasungwe yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Wenzetu wa upande wa Bahi wawaone wa Bonde la Kati. Pelekeni ramani na majibu ya maabara, kwani malalamiko ya mdomo hayana mahali pa kuwekwa kwenye jalada.

Wenye bustani tuhame?

Msianze na kuhama. Acheni kwanza kupulizia dawa na kuoshea bomba la dawa korongoni, rudisheni matuta nyuma ya ukanda wa mabingobingo, kisha mkae na afisa ugani mpime mita hizo 60 kwa kamba, maana nimeona zikikadiriwa kwa macho na kila mtu akapata 60 zake.