Resini ya jino isitoke kwenye friji ikaenda moja kwa moja mdomoni

Hapa Tabora, joto la Oktoba hunilazimu kuhifadhi resini ya kuzibia meno kwenye friji. Lakini huitoa saa nzima kabla mgonjwa hajakaa kitini. Ikiwa ya baridi huwa nzito kusukuma, na ukiipiga taa ya bluu ya kuikomaza, molekuli zake hujongea polepole, haziungani vya kutosha. Haikomai, hulika mapema. Niliwahi kufanya haraka, mama mmoja akarudi resini ikiwa imeachia jino. Jambo hilo bado linaniuma moyoni. Ukiwa na kipasha joto maalumu, nyuzi 54 hadi 60 huilainisha vizuri. Iweke upesi, maana hupoa ndani ya dakika chache. Kila tabaka milimita 2, lipige taa sekunde 20. Dirishani usiiache kabisa: mwanga wa jua huigandisha.