Somo: Jinsi ya kumwandika mnyama anayemsaidia mpelelezi

Rasimu nyingi za riwaya za upelelezi zenye mnyama huniangusha mahali pamoja: mwishoni. Paka anaingia sebuleni, anawapita washukiwa wanne, anasimamisha manyoya mbele ya wa tano, na mpelelezi anasema, "Ni huyu!" Hapo msomaji aliyekuwa akikusanya vidokezo tangu sura ya kwanza amedhulumiwa. Paka naye amedhulumiwa, maana paka halisi ni mhusika mzuri kuliko mpiga ramli.

Basi shikeni hili kabla ya yote: mnyama ni shahidi, si hakimu. Amekihisi kitu asichojua maana yake. Mpelelezi angeijua maana, ila kitu chenyewe hakukihisi. Utamu wote wa riwaya hizi umo katika pengo hilo.

Hatua ya 1: Jenga uhalifu kwanza
Nani, kwa nini, saa ngapi, alificha nini. Ukurasa mmoja unatosha, na mnyama bado hajaingia.

Hatua ya 2: Chagua mnyama kwa hisi zake
Jiulize ushahidi wako ni wa namna gani. Kama ni harufu, mchukue mbwa. Lakini usimfanye achague kitambaa chekundu kwenye majani mabichi kwa kuangalia rangi. Mbwa huona vizuri buluu na njano, nyekundu na kijani humchanganya. Paka huona kwenye mwanga hafifu kutushinda, ila ulimi wake hauonji utamu wa sukari. Akilamba chai iliyomwagika sakafuni, hakufuata sukari. Huenda kulikuwa na maziwa ndani yake, na marehemu, kila mtu anajua, hakunywa chai ya maziwa. Tazama: udhaifu wa ulimi wa paka umetupa mgeni ambaye hakuna aliyemtaja.

Hatua ya 3: Tengeneza jedwali la safu tatu
Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Safu ya kwanza: mnyama alihisi nini. Ya pili: alifanya nini. Ya tatu: binadamu walidhani nini. Mfano: mbwa ananusa mafuta ya taa kwenye zulia, anakataa kulala mahali pake pa siku zote, watu wa nyumbani wanasema maskini, anamlilia bwana wake. Msomaji ameoneshwa kidokezo waziwazi na amekipita kwa huruma. Safu ya tatu ikiwa tupu, huna fumbo bado.

Hatua ya 4: Tumia kimya
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika hadithi ya "Silver Blaze" ya mwaka 1892, mwandishi Arthur Conan Doyle alimfanya mpelelezi wake, Sherlock Holmes, aulize kwa nini mbwa wa zizini hakubweka usiku farasi alipochukuliwa. Jibu: aliyeingia alikuwa mtu anayemfahamu. Kinachonivutia ni kwamba mbwa yule hakufundishwa chochote wala hakufanya chochote. Wewe orodhesha tabia za kila siku za mnyama wako, zioneshe mara mbili tatu katika sura za mwanzo, kisha usiku wa tukio moja ikosekane.

Hatua ya 5: Mruhusu apoteze njia
Katika riwaya ya The Sign of Four ya mwaka 1890, ya Conan Doyle huyohuyo, mbwa Toby anafuata nyayo za mtu aliyekanyaga kreosoti, mafuta yenye harufu kali ya kuhifadhia mbao, na safari inaishia kwenye pipa la kreosoti. Aliambiwa afuate harufu, akaifuata. Kosa la namna hiyo ni la haki kabisa.

Liko na kosa la hatari zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ujerumani, farasi aliyeitwa Hans alisifiwa kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alieleza siri yake: Hans alisoma mwili wa muulizaji, mkazo uliolegea jibu sahihi lilipofika. Muulizaji asipolijua jibu, Hans naye hakulijua. Sasa mfikirie mpelelezi anayemshuku jirani, na mbwa wake anamngurumia jirani huyohuyo. Nani amemwambia nani?

Hatua ya 6: Pima mara mbili
Mwondoe mnyama kwenye sura ya mwisho: ushahidi lazima usimame bila yeye. Kisha mwondoe kwenye kitabu kizima: kesi lazima ianguke.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kasuku wangu anataja jina la muuaji. Nimeharibu?
Jibu: Hujaharibu, umeacha nusu. Kasuku hurudia sauti, na sauti hiyo yaweza kuwa ya jana au ya mwaka juzi. Fumbo lisiwe jina. Liwe ni lini alilisikia, na kwa sauti ya nani. Akilitamka kwa sauti ya marehemu, likifuatiwa na mlio wa kengele iliyoondolewa mlangoni miezi sita iliyopita, mpelelezi wako ana kazi ya kufanya.

Swali: Naomba kuuliza, mbwa anaweza kuwa msimulizi?
Jibu: Anaweza, ukiamua tangu ukurasa wa kwanza kama anaelewa maneno ya watu au haelewi, na usibadilishe. Mimi ningechagua asielewe. Wosia kwake ni karatasi inayonuka jasho la mikono ya watu watatu, na hapo umeshatuambia walioigusa.

Swali: Mwalimu, nyongeza kwa hilo. Msomaji hatachoka na harufu kila ukurasa?
Jibu: Atachoka. Mpe mbwa njaa, usingizi na wivu pia.

Swali: Nataka mbwa afe sura ya 12 ili mpelelezi apate uchungu wa kulipiza kisasi.
Jibu: Nakusihi, dada, usifanye hivyo. Umemfanya msomaji ampende shahidi huyu kwa sura 11, halafu unamtumia kama kuni. Kama mhalifu ana sababu ya kumwogopa mbwa, mwache ajaribu kumdhuru na ashindwe. Jaribio hilo litamfichua, maana ni nani mwingine angejua kwamba mbwa alikuwepo chumbani usiku ule?