Kutoka kifurushi cha daktari wa simu hadi kulipia dawa za presha unapozihitaji

Mama yangu mdogo anaishi Nansio, kisiwani Ukerewe. Miaka miwili iliyopita mwanawe alimuunganisha na kifurushi cha daktari wa simu: hela inakatwa kila mwezi, daktari anapatikana kwa simu, dawa za presha zinafika Mwanza na kupandishwa meli. Mwanzoni kilimfaa sana, maana dozi yake ilikuwa bado inatafutwa. Lakini mwaka huu presha imetulia, dozi haijabadilika, na hela imeendelea kukatwa, aongee na daktari asiongee. Akaniomba nimtoe.

Mimi ni fundi dawa, natoa dawa kwenye famasi moja maeneo ya Buzuruga, Mwanza. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Ilichukua Jumamosi nzima, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilianza na hatua iliyopaswa kuwa ya tatu. Tangu hapo nimewasaidia wateja wengine wanne kuhama, na sasa naijua njia.

Anza ukiwa bado na vidonge vya wiki mbili mkononi. Ukisubiri vibaki vitatu utanunua chochote utakachoonyeshwa.

HATUA YA 1: Hakikisha unafaa kuhama

Kuhama kunamfaa mtu ambaye dozi yake haijaguswa kwa miezi sita hivi, anapima presha mara kwa mara, na anajua pa kwenda akizidiwa. Kama umeanza dawa juzi, una ujauzito, figo zina shida, umewahi kupata kiharusi, au daktari bado anapandisha na kushusha miligramu, baki na mtu anayekufuatilia kwa karibu, kwa kifurushi au kwa kliniki.

Kama una kadi ya NHIF, kaulize kwanza kwenye kituo kinachoipokea. Sioni sababu ya kulipa mfukoni kwa dawa ambayo bima yako inaigharamia.

Halafu piga hesabu. Tuseme kifurushi ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 240,000, na kama mwaka mzima umeongea na daktari mara mbili, kila maongezi yamekugharimu 120,000. Linganisha na gharama ya kumwona daktari mara mbili kituo cha afya pamoja na dawa unazonunua mwenyewe. Wapo watakaoona kifurushi bado ni nafuu, hasa wanaompigia daktari kila wiki.

HATUA YA 2: Chukua karatasi zako zote KABLA hujajitoa

Hapa ndipo Jumamosi yangu ilipoishia, kwa hiyo nitakaa hapa.

Nilimwambia mama mdogo ajitoe kwanza, dawa tutazipanga baadaye. Akajitoa asubuhi. Saa nne nikampigia anisomee jina la dawa kutoka kwenye aplikesheni. Akaunti ilikuwa imefungwa. Cheti cha dawa, historia ya vipimo, ujumbe wa daktari, vyote vilikuwa ndani na hakuna alichoweza kufungua. Nikamwambia asome kwenye boksi. Maboksi huwa anayatupa. Nikamwambia asome nyuma ya karatasi ya vidonge. Huwa anazikata kwa mkasi, kidonge kimoja kimoja, na kuzitia kwenye kopo la chai ili asisahau. Kila kipande kilibaki na herufi tatu nne za jina la biashara na namba moja: 5.

Duka la kwanza alikokwenda walitazama kile kipande, wakasema hiyo ni dawa ya presha, chukua amlodipine ya miligramu 10, ni ileile. Nashukuru alinipigia kabla ya kumeza. Kidonge alichokuwa akitumia kilikuwa cha mchanganyiko: amlodipine miligramu 5 na losartan miligramu 50 ndani ya kidonge kimoja. Kwa ushauri ule angepata amlodipine mara mbili ya dozi yake na losartan angeikosa kabisa. Kama angechanganya na vile vilivyobaki kwenye kopo, angefikisha miligramu 15 za amlodipine kwa siku, wakati kiwango cha juu cha kawaida ni 10. Hapo miguu huvimba, kichwa huwa chepesi, na mtu mzima anaweza kuanguka akiinuka kitandani usiku.

Tulilijua jina halisi jioni, baada ya kupiga simu huduma kwa wateja mara nyingi na kutuma barua pepe yenye picha ya kitambulisho chake.

Sasa wewe fanya hivi. Ukiwa bado ndani ya kifurushi, andika ujumbe kwenye aplikesheni na kwa barua pepe pia:

"Naomba cheti changu cha dawa cha sasa, historia ya dozi zangu, na majibu ya vipimo vyangu vyote, kwa PDF, yenye jina la daktari na namba yake ya usajili."

Huombi fadhila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuziona taarifa zako, na taarifa za afya inazihesabu kuwa nyeti. Wakisuasua, itaje sheria hiyo kwa jina.

Wakati unasubiri, piga skrinshoti za kila ukurasa wenye dawa, tarehe au vipimo. Zitume kwenye namba ya mtu wa pili unayemwamini, simu ikipotea zisipotee nayo.

Cheti kikija, kisome hivi:

Jina la mgonjwa na umri. Kisha jina halisi la dawa, siyo la biashara peke yake. Jina la biashara ni la kiwanda, na viwanda vingi hutengeneza dawa ileile kwa majina tofauti. Jina halisi ni lile dogo lililochapwa chini ya jina kubwa kwenye boksi: amlodipine, losartan, atenolol, au metformin ya kisukari. Ukikuta limefuatwa na neno kama besylate au potassium usihangaike, ni chumvi iliyofungwa na dawa kiwandani. Lakini ukikuta majina mawili yameungana, au namba mbili zenye mkwaju katikati, kama 5/50, hicho ni kidonge cha mchanganyiko na ni lazima uzijue dawa zote zilizomo. Ya mama mdogo iliandikwa hivyo kwenye boksi. Mkasi ulikata 50.

Kisha nguvu kwa miligramu, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na kama unaruhusiwa kurudia na kwa muda gani. Hilo la kurudia ndilo vyeti vingi vya simuni hukosa, kwa kuwa kifurushi kilikuwa kinajirudia chenyewe. Mwombe daktari aandike kwa maneno, kwa mfano "irudiwe kila mwezi kwa miezi sita". Pasipo sentensi hiyo, mtoa dawa makini atakurudisha, na atakuwa sahihi.

Mwisho ni jina la daktari, namba yake ya usajili ya Baraza la Madaktari Tanganyika, tarehe na sahihi. Chapisha nakala mbili stationari. Cheti kilichoko kwenye simu iliyoisha chaji hakikusaidii dirishani.

Kuna swali moja zaidi la kumuuliza daktari kabla hamjaachana: dawa hii inaweza kusimama ghafla? Atenolol na propranolol hazisimamishwi ghafla, moyo unaweza kwenda mbio na presha ikapaa. Mwenye dawa hizo asihame mpaka awe na boksi jipya mkononi.

HATUA YA 3: Jitoe

Kufuta aplikesheni kwenye simu si kujitoa. Nimemwona mteja aliyefuta aplikesheni akaendelea kukatwa miezi mitatu.

Kama ulijiunga kupitia Google Play, fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia malipo na usajili, chagua huduma, ghairi. Kama ni kadi ya benki, ghairi ndani ya huduma yenyewe, omba uthibitisho wa maandishi, kisha waambie benki wazuie makato hayo. Kama ulikuwa unalipa mwenyewe kila mwezi kwa M-Pesa au Airtel Money, usilipe tena na waandikie kwamba umeondoka. Tunza meseji zote mpaka tarehe ya makato ipite salama.

HATUA YA 4: Chagua famasi moja na ukae nayo

Nasema famasi. Duka la dawa muhimu lina kazi yake kubwa, vijijini lisingekuwepo tungeumia, ila linaruhusiwa orodha fupi ya dawa za cheti. Famasi ina mfamasia msimamizi, na kibali cha Baraza la Famasi kinatakiwa kiwe ukutani. Kitazame.

Watu huzunguka maduka yote ya Makoroboi, mjini Mwanza, wakitafuta tofauti ya shilingi mia tano. Mimi nashauri sehemu moja, kwa sababu anayekujua atashtuka dawa ikibadilika. Wiki iliyopita nilimzuia mzee mmoja kuchukua diclofenac ya magoti, kwa kuwa nilikumbuka yuko kwenye losartan. Dawa za maumivu za kundi hilo hupandisha presha na huelemea figo, hasa zikikutana na losartan.

Famasi ikikosa kidonge cha mchanganyiko, usikubali kupewa viwili tofauti badala yake mpaka daktari aseme sawa. Kwa maoni yangu vidonge tofauti vina faida: dozi moja inaweza kubadilishwa bila kugusa nyingine, na vinapatikana kirahisi. Madaktari wengi hupenda cha mchanganyiko kwa sababu mgonjwa hasahau, na kwa mzee mwenye kopo lililojaa dawa nakubaliana nao.

HATUA YA 5: Nunua

Toa nakala ya cheti, siyo ile ya akiba. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi. Lipa kwa lipa namba upate meseji, na uchukue risiti ya EFD.

Hesabu vidonge. Boksi zingine zina 30, zingine 28. Ukinunua boksi 12 za 28 una vidonge 336, na mwaka una siku 365, kwa hiyo siku 29 utakuwa huna dawa, zimetawanyika mwaka mzima bila wewe kuelewa kwa nini. Anayetumia boksi za 28 anahitaji 13, na hata hapo kinapungua kidonge kimoja.

Na tafadhali, usikate vidonge kwa mkasi.

HATUA YA 6: Weka ukumbusho wako mwenyewe

Kifurushi kilikuwa kinakukumbusha. Sasa hakuna. Presha haiumi, kwa hiyo mtu anaweza kukaa wiki tatu bila dawa akijisikia mzima kabisa.

Sipendekezi aplikesheni nyingine. Nunua daftari dogo la mistari, ulifunge kwa kamba kwenye kopo la dawa. Ukurasa mmoja kwa mwezi: tarehe, umemeza au hujameza, presha. Siku vidonge vinapobaki kumi, piga mstari mwekundu. Hiyo ndiyo siku ya kununua.

Mashine ya presha iwe ya kufunga mkono wa juu. Zile za kifundo cha mkono siziamini, zinadanganywa na namna ulivyoushika mkono. Keti dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipandanisha, mkono usawa wa moyo, na usiwe umekunywa kahawa ndani ya nusu saa. Ukiona 135/85 au zaidi siku kadhaa mfululizo nyumbani, kamwone daktari. Ukiona 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, kulegea upande mmoja au macho kufifia, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Daktari utamlipa unapomhitaji, ila angalau mara mbili kwa mwaka umhitaji. Kwa walio kwenye losartan, apime figo na potasiamu walau mara moja kwa mwaka. Wa metformin nao wapimwe figo. Kipimo hicho usikiache hata kama hujisikii vibaya.

HATUA YA 7: Kwa walio visiwani

Nunua ya miezi miwili kwa mara moja kama cheti kinaruhusu, kwa sababu ziwa likichafuka meli huahirishwa. Kwa Nansio ipo pia njia ya Bunda na kivuko cha Kisorya, ndefu lakini inaokoa.

Ukimpa mtu mzigo bandarini, dawa zibaki kwenye maboksi yake, juu yake kikaratasi chenye jina la mpokeaji, jina halisi la dawa na idadi. Mwambie aweke kivulini. Maboksi mengi yameandikwa zisizidi nyuzi joto 30, na bati la sitaha ya meli mchana huvuka hapo. Mama mdogo akipokea hunipigia, ananisomea boksi herufi kwa herufi, namba zote mbili, ndipo nakata simu.