Namna ya Kulisha Majani ya Mlusina Bila Mimosini Kudhuru Mifugo

Kiangazi kinapokausha nyasi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Tanga, awe Pongwe, Muheza au Korogwe, huugeukia mlusina alioupanda mpakani mwa shamba, na hufanya vema, kwa kuwa majani yake yana protini kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito mkavu. Hata hivyo, mti huo wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati una pia mimosini, asidi amino isiyotumika kujenga protini. Anayejua inakokaa na inavyovunjika ataulisha bila hofu.

Mimosini ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kutoka kwa kifauongo, mmea unaojikunja ukiguswa. Molekuli yake ina atomu 8 za kaboni, 10 za haidrojeni, 2 za naitrojeni na 4 za oksijeni. Umbo lake linashabihi tairosini, asidi amino inayotumika kujenga protini, isipokuwa pete yake ya atomu ina naitrojeni ndani na oksijeni mbili jirani pembeni, na oksijeni hizo ndizo hukamata madini ya chuma. Vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za mwili) vinavyotegemea chuma hukwama, na seli zinazogawanyika upesi, kama zile za shina la nywele, husimama. Ndiyo maana mnyama aliyezidishiwa hunyonyoka manyoya.

Kata matawi yenye majani yaliyokomaa, na uzipunguze ncha zinazochipua pamoja na mbegu, kwani huko ndiko mimosini hujaa: katika ncha inaweza kuzidi asilimia 8 ya uzito mkavu. Kisha katakata majani na uyaache yanyauke. Ndani ya jani lenyewe mna kimeng'enya ambacho, jani likipondwa, huanza kuivunja mimosini. Wengi huishia hapo wakidhani sumu imekwisha, jambo ambalo si sahihi, kwa sababu masalia yake, yaitwayo DHP, huzuia tezi ya shingo kutumia iodini na mwishowe huleta rovu. Kunyausha, basi, kunasaidia zaidi manyoya kuliko tezi. Kuloweka majani katika maji kwa siku moja au zaidi, na kuyamwaga maji hayo, huondoa sehemu kubwa ya mimosini, ingawa ni kazi ya kuchosha na kwa maoni yangu inafaa kwa kiasi kidogo tu cha majani.

Kwa ng'ombe na mbuzi, kinga iliyo rahisi zaidi ni kipimo. Mlusina usizidi asilimia 30 ya chakula chote, ukichanganywa na matete au majani ya guatemala, na uanze kwa kidogo ukiongeza polepole. Katika tumbo la kwanza la mnyama acheuaye, mimosini hugeuzwa kuwa DHP, na baadhi ya wanyama wana bakteria waitwao Synergistes jonesii wanaoivunja DHP hiyo. Raymond Jones wa Australia aliona kuwa mbuzi wa Hawaii walikula mlusina kwa wingi bila kudhurika. Vijidudu vya tumbo lao vikapelekwa Australia, vikawakinga mifugo wa huko, na mwaka 1992 bakteria huyo akapewa jina la mtafiti huyo. Usikadirie kwamba ng'ombe wako anaye. Lisha kana kwamba hana.

Punda, nguruwe na sungura hawacheui, kwa hiyo hawana kinga hiyo. Farasi na punda hupoteza nywele za mkia na shingo kwanza. Kwa kuku, unga wa majani usipite asilimia 5 ya chakula.

Ukiona manyoya yanapukutika, mate yanamtoka mnyama kupita kawaida, au shingo imevimba chini ya koo, ondoa mlusina wote katika hori siku hiyo hiyo, mpe nyasi na maji safi, na umwite mtaalamu wa mifugo endapo uvimbe hautapungua. Ndama wa mama aliyelishwa kwa wingi akiwa na mimba naye akaguliwe shingoni mara anapozaliwa.